Lafudhi za waigizaji katika tamthilia za nchi za kigeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tamthilia mpya ya nje inapotoka, maswali haya hurudi yale yale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi visa vya pembeni. Jambo likiwa limeshaelezwa kwenye swali jingine, nimetaja namba yake badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Lafudhi ni nini, na inatofautianaje na lahaja?

Lafudhi ni namna mtu anavyotamka: anapokaza, anavyopandisha na kushusha sauti, irabu anazozivuta na konsonanti anazozilegeza. Lahaja ina maneno yake na sarufi yake pia. Mtu wa Mombasa akisema "ndia" pale ambapo Kiswahili sanifu kina "njia", hiyo ni lahaja ya Kimvita. Mtu anayesema "selasini" akikusudia "thelathini" ametumia neno lile lile la wote, ila tamko limebadilika. Hiyo ni lafudhi.

Kwenye tamthilia tofauti hii ina uzito. Lafudhi mwigizaji anaweza kufundishwa, lakini lahaja lazima iwe imeandikwa kwenye muswada. Mwigizaji akitamka vizuri kabisa maneno ambayo mtu wa mahali pale hawezi kuyasema, mwenye kosa ni mwandishi.

2. Kwa nini Warusi wa kwenye tamthilia wanaongea Kiingereza cha Uingereza?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na mara nyingi huulizwa kwa hasira, hasa tangu *Chernobyl*, tamthilia ya ajali ya mtambo wa nyuklia, ilipotoka mwaka 2019. Kabla ya kukasirika, jiulize kwanza: hawa watu, ndani ya hadithi, wanaongea lugha gani?

Wahusika wake wakuu, Valery Legasov na Boris Shcherbina, ni raia wa Umoja wa Kisovyeti. Wakiwa wao kwa wao wanaongea Kirusi. Kiingereza tunachokisikia ni tafsiri iliyowekwa midomoni mwao ili sisi tuelewe. Na mtu anayeongea lugha yake na wenzake, nyumbani kwao, hana lafudhi masikioni mwao. Ukimpa Legasov Kiingereza kizito chenye r za kukunjwa, unamgeuza mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe, mtu anayehangaika na lugha ya watu, ilhali kwenye hadithi ni mwanasayansi fasaha anayeongea lugha aliyokua nayo.

Craig Mazin, aliyeiandika tamthilia hiyo, ameeleza kwamba mwanzoni walifikiria lafudhi hafifu za Ulaya Mashariki. Kwenye usaili wakagundua kwamba waigizaji wanaanza kuigiza lafudhi na kumsahau mtu. Wakaziacha. Jared Harris, aliyemcheza Legasov, akaongea kama Mwingereza, na Stellan Skarsgård, aliyemcheza Shcherbina, akabaki na sauti yake ya Kisweden.

Angalia kipindi cha tano, ambacho ndicho cha mwisho. Legasov amesimama mahakamani na vibao vyekundu na vya buluu, anavipachika kimoja kimoja: hiki kiliongeza nguvu ya mtambo, hiki kiliipunguza. Anawaeleza fizikia watu wasio wanafizikia, taratibu, na kadiri vibao vinavyojaa ndivyo pumzi inavyokubana. Sasa ifikirie hotuba hiyo hiyo kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Sikio lingeshughulika na ulimi wake, na vibao usingevifuata. Kwangu mimi uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ndio uliozaa kipimo ninachokitumia katika ukurasa huu wote: *anaongea lugha gani, na anaongea na nani?*

3. Watayarishaji wana njia gani za kuchagua?

Ya kwanza ni kuacha kila mtu aongee lugha yake halisi, na tafsiri ikaandikwa chini ya skrini. Wajerumani wa *Deutschland 83* ya mwaka 2015 wanaongea Kijerumani. Ya pili ni ile ya *Chernobyl*: lugha ya watazamaji, lafudhi za waigizaji wenyewe. Ya tatu ni lugha ya watazamaji yenye lafudhi ya nchi ya hadithi, yaani Kiingereza chenye ladha ya Kirusi au Kifaransa. Ya nne ni kuchanganya, na hapo ndipo penye mafanikio makubwa na aibu kubwa pia (tazama swali la 5, la 14 na la 15).

Njia ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 2. Ina faida moja tu: inamkumbusha mtazamaji yuko wapi. Lakini kazi hiyo majengo, mavazi, barua na mabango ya mitaani yanaweza kuifanya bila kumwathiri mwigizaji.

4. Mbona hata Warumi wa kale huongea kama Waingereza?

Ni mazoea yaliyotoka jukwaani. Kwa vizazi vingi hadithi za Roma zilichezwa kwa Kiingereza na waigizaji wa tamthilia za Shakespeare, na televisheni ikarithi. *I, Claudius* ya BBC, mwaka 1976, Derek Jacobi akiwa Claudius, ilisikika kama jumba la kifalme la Uingereza, na watazamaji wakaipokea bila shida.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Kiingereza cha Uingereza kinabeba matabaka. Mwingereza akisikia sentensi mbili tu anakisia mzungumzaji alisoma wapi na baba yake alikuwa nani. Waandishi wa *Rome* (2005 hadi 2007) waliitumia hazina hiyo: waheshimiwa wa baraza la seneti wanaongea kama wenye mashamba makubwa, askari wa kawaida wanaongea kama watu wa mtaani. Hakuna Mrumi aliyewahi kusikika hivyo, lakini uhusiano wa nani yuko juu ya nani unafika bila kuelezwa.

Lipo pia lisilowezekana kufikishwa hivyo. Katika *War & Peace* ya BBC ya mwaka 2016, hadithi ya Urusi ya mwanzoni mwa karne ya 19, Paul Dano, Mmarekani, alichukua lafudhi ya Kiingereza ili alingane na wenzake. Ni sawa. Ila mabwana wa Kirusi wa zama zile walipenda kuongea Kifaransa baina yao, na Kirusi kikabaki zaidi kwa watumishi. Wote wakiongea Kiingereza kimoja, ufa huo kati ya bwana na mtumishi husikii tena.

5. Kwa nini kwenye tamthilia moja wengine wana lafudhi na wengine hawana?

Mara nyingi ni matokeo ya usaili. Nyota anatoka nchi ya watazamaji, waigizaji wadogo wanapatikana kule inakopigwa picha. *Zen* ya BBC, mwaka 2011, ilipigwa Roma. Rufus Sewell, akiwa mpelelezi wa Kiitalia, anaongea Kiingereza safi cha Uingereza. Caterina Murino, Mwitalia halisi, anacheza mfanyakazi mwenzake na anaongea Kiingereza chenye Kiitalia ndani yake. Ndani ya hadithi wote wawili ni Waitalia na wanaongea lugha moja. Masikioni mwetu mmoja yuko kwao na mwingine amekuja kutembea, na bahati mbaya aliyesikika mgeni ndiye mwenyeji.

Hili ndilo kosa ninaloliona zito kuliko lafudhi mbovu. Lafudhi mbovu unaizoea baada ya vipindi viwili. Lafudhi mbili za watu wa nyumba moja huzizoei, kwa sababu kila wanapozungumza sikio linauliza nani kati yao ametoka nje.

## Jinsi waigizaji wanavyojifunza

6. Mwalimu wa lafudhi hufanya nini hasa?

Watu hudhani anasema neno na mwigizaji analirudia. Kuiga kwa namna hiyo hakudumu. Mwalimu mzuri huanza na mdomo wenyewe: taya limelegea au limekazwa, ulimi unapumzika wapi, midomo inasogea mbele au imetulia. Kila lugha ina mkao wake wa mdomo, na ukishaupata, sauti nyingi hujipanga zenyewe. Kisha huja mdundo na wimbo wa lugha, na mwisho ndipo sauti moja moja.

Chukua neno moja. Mwingereza akitamka *banana*, a ya kwanza na ya mwisho anazimeza, ya katikati peke yake ndiyo inayobaki nzima. Mzungumzaji wa Kiswahili huipa kila a haki yake. Sasa geuza: mpe Mwingereza aseme "asante sana". Atakaza panapofaa pengine, lakini e ya mwisho itageuka i na a za pembeni zitafifia. Mwalimu hatamwambia "sema vizuri". Atamwambia asilegeze mdomo kabla neno halijaisha. Maelekezo ya aina hiyo ndiyo yanayobaki mwilini hata mwigizaji akiwa analia au anakimbia.

Zana zao kuu ni rekodi za watu halisi wa mahali panapohusika, wa rika na tabaka la mhusika, na alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, ile iliyotokana na chama kilichoanzishwa mwaka 1886. Siku ya kupiga picha mwalimu hukaa na vipokea sauti masikioni, akanong'oneza marekebisho kati ya mkupuo mmoja na mwingine. Yaliyoharibika sana hurekodiwa upya studio, mwigizaji akijitazama kwenye skrini na kuifuata midomo yake mwenyewe.

7. Inachukua muda gani kujifunza?

Inategemea umbali. Kuhama kutoka lafudhi moja ya Kiingereza kwenda nyingine ni kazi ya wiki kadhaa kwa mwenye sikio zuri. Kuigiza kwa lugha usiyoijua kabisa ni jambo jingine: kukariri sauti bila maana kunawezekana kwa sentensi chache, lakini kwa msimu mzima mwigizaji inabidi aijue lugha yenyewe (tazama swali la 10).

8. Kwa nini wengine huendelea na lafudhi hata kamera ikizimwa?

Kwa sababu kuingia na kutoka kunachosha. Mdomo uliokwishazoea mkao mpya ukirudishwa kwenye wa zamani kila dakika kumi, makosa huongezeka jioni. Wengine hawahitaji kufanya hivyo, na hakuna aliye bora kwa njia hiyo peke yake.

9. Mbona Wamarekani wengi wa kwenye tamthilia ni Waingereza?

Wanaosema hivyo huanza na Hugh Laurie wa *House* na Idris Elba wa *The Wire*. Laurie alirekodi usaili wake bafuni hotelini nchini Namibia, alikokuwa akitengeneza filamu, kwa kuwa hapo ndipo palikuwa na mwanga wa kutosha. Inasimuliwa kwamba Bryan Singer, mmoja wa watayarishaji, aliitazama ile rekodi akafurahi kumpata hatimaye Mmarekani halisi.

Sababu kubwa ni masikio. Mwingereza hukua na vipindi vya Marekani sebuleni. Mmarekani wa kawaida hakui na sauti za Sheffield wala za Hackney. Ongeza kwamba vyuo vya uigizaji vya Uingereza hufundisha lafudhi kama somo, si kama pambo.

## Malalamiko

10. Kwa nini Wakolombia walilalamikia *Narcos*?

Wagner Moura, aliyemcheza Pablo Escobar, mfanyabiashara wa dawa za kulevya wa Kolombia, katika *Narcos* kuanzia mwaka 2015, ni Mbrazili. Lugha yake ni Kireno. Alihamia Medellín kujifunza Kihispania kabla ya kupiga picha, jambo linalostahili heshima. Lakini Escobar alikuwa mtu wa Medellín, na watu wa kule wana uimbaji wao wa maneno unaotambulika Kolombia nzima, pamoja na mazoea ya kumwita mtu *vos*, yaani "wewe". Isitoshe, waliomzunguka walitoka kila pembe: Luis Guzmán, aliyecheza mmoja wa washirika wake, ni wa Puerto Rico.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, ugumu wa Moura ni rahisi kuuelewa. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, karibu sawa na zetu, na kila moja hukaa mahali pake. Kireno cha Brazili kina irabu zaidi, nyingine zikipitia puani. Mtu anayetoka huko lazima ajizuie kwenye kila neno, na akichoka pua inamsaliti.

Je, lalamiko lilikuwa la haki? Hapa naona ndiyo. Tofauti na *Chernobyl*, tamthilia hii ilichagua Kihispania kama Kihispania, si kama tafsiri. Ukishasema "hivi ndivyo watu hawa walivyoongea", umemkaribisha mwenyeji apime. Wakati huohuo Moura aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa uigizaji ule ule, na sioni mgongano: aliubeba uzito wa mtu yule kwa macho na mabega, akakwama kwenye ulimi.

11. Mbona mimi sikusikia kosa lolote?

Kwa sababu sikio husikia tofauti lilizozizoea. Mtu aliyekulia kwenye lugha moja hutambua ndani ya sentensi moja kama msemaji ni wa kwao. Kwa lugha ya mbali tofauti hizo humpita. Ndiyo maana mabishano ya lafudhi hayaishi: wawili wametazama kipindi kimoja na kila mmoja anasema kweli kuhusu alichokisikia. Mwenyeji akikwambia lafudhi imemkera, mwamini, hata kama wewe ulifurahia.

12. Kwa nini lafudhi hupotea katikati ya tamthilia?

Angalia inapotea wapi. Mara nyingi ni kwenye kelele, kilio na ugomvi, ambapo mwili unarudi kwa mama. Sababu nyingine ni ratiba: vipindi havipigwi kwa mfuatano, na onyesho la mwisho laweza kuwa lilipigwa wiki ya kwanza, kabla lafudhi haijakaa.

13. "Lafudhi ya Kiafrika" ni ipi?

Haipo. Kiyoruba ni lugha ya toni, ina tatu, na neno hubadilika maana sauti ikipanda au kushuka. Kiswahili hakina toni, kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinachotoka kwenye midomo hiyo miwili hakiwezi kufanana. Pamoja na hayo, tamthilia nyingi zimetupa sauti moja nene, ya taratibu, yenye r nzito, inayotumika kutoka Lagos hadi Gaborone.

*The No. 1 Ladies' Detective Agency* (2008 hadi 2009) ni mfano wa kuutazama kwa makini, kwa kuwa ilipigwa Botswana kwenyewe. Waigizaji wakuu wawili, Jill Scott na Anika Noni Rose, ni Wamarekani. Lucian Msamati, mwenye wazazi Watanzania na aliyekulia Zimbabwe, ndiye fundi Matekoni. Lafudhi hazikulingana, lakini waandishi walishikilia adabu ya Kitswana: kila mtu anaitwa *Mma* (bibi) au *Rra* (bwana), kila mara, hata katikati ya ugomvi. Heshima hiyo inamweka mtazamaji Botswana kuliko r yoyote iliyokunjwa.

*Sense8* (2015 hadi 2018) ilifanya jingine. Wahusika wanane wa miji tofauti wanaunganika kiakili, na kila mmoja anaongea Kiingereza cha lafudhi ya kwao hata akiwa nyumbani, Berlin au Seoul. Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, alichezwa na Aml Ameen, Mwingereza, katika msimu wa kwanza, kisha Toby Onwumere, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Marekani. Ndugu zetu wa Nairobi walikuwa na haki ya kuuliza kama kweli jiji zima lilikosa mwigizaji.

14. Ni lini lafudhi inakuwa dharau?

Inapokuwa ndiyo kazi pekee ya mhusika. Akifungua mdomo watu wacheke, au watambue kwamba huyu ndiye mhalifu, kisha hana la zaidi. Tazama kama mwenye lafudhi anaruhusiwa kuwa na akili, kupenda, kukasirika kwa haki, kufariji mtu. Na tazama mgawanyo: mashujaa wakiongea kama watazamaji na wabaya wakiongea kama wageni, katika nchi ambayo wote ni wenyeji, hapo mtu ameamua jambo.

## Lugha zaidi ya moja

15. Katika *Shōgun*, nani anaongea lugha gani?

Katika toleo la mwaka 2024, Wajapani wanaongea Kijapani na tafsiri inaandikwa chini. Blackthorne, mwongoza meli Mwingereza, anaongea na bibi Mariko kwa Kireno, ila sisi tunasikia Kiingereza. Hivyo Kiingereza cha Anna Sawai ni Kireno cha Mariko, lugha aliyojifunza, na lafudhi ndogo aliyo nayo ni ya haki kabisa. Kipimo cha swali la 2 hakijaguswa.

Utamu uko kwenye ukalimani. Blackthorne anatamka neno la kihuni, Mariko anatulia kidogo, kisha Kijapani kinatoka kikiwa kimeoshwa na kupigwa pasi. Mbali na Mariko, mtazamaji anayesoma tafsiri ndiye pekee anayejua kilichosemwa na kilichofika. Toleo la mwaka 1980 liliacha Kijapani bila tafsiri, ili mtazamaji apotee pamoja na Blackthorne. Yote mawili ni maamuzi yenye akili, ingawa la pili linawageuza wenyeji kuwa kelele kwa muda mrefu mno. Msimu wa mwaka 2024 ulichukua tuzo 18 za Emmy, zikiwemo za Sawai na Hiroyuki Sanada, na hoja kwamba watu hawatazami kitu cha kusoma ikapata jibu.

16. Inawezekana kila mtu aongee lugha yake na waelewane?

Ndiyo. *Bron/Broen* ya mwaka 2011 inaanza na maiti katikati ya daraja la Öresund, mpakani mwa Sweden na Denmark. Wapelelezi wawili wanashirikiana: Saga anaongea Kisweden, Martin anaongea Kidenmaki, na kazi inaendelea, kama ilivyo kwa majirani wa kule.

17. Na nchi mbili zenye lugha moja?

Hapo ndipo lafudhi inapofanya kazi nzito. *Crash Landing on You* (2019 hadi 2020) inamwangusha tajiri wa Korea Kusini upande wa Kaskazini. Lugha ni Kikorea kotekote, lakini Hyun Bin, wa Kusini, alilazimika kuongea kama afisa wa Kaskazini, na kwenye timu ya uandishi alikuwemo mtu aliyekimbia kutoka huko. Sikiliza jina tu: afisa huyo, kapteni wa jeshi, anaitwa Ri. Kusini ukoo huo huo hutamkwa bila r ya mwanzo. Mpaka wa nchi mbili umo ndani ya konsonanti moja.

18. Sauti zikiingizwa kwa lugha nyingine, lafudhi huenda wapi?

Kwa kawaida hufa, halafu huzaliwa nyingine. Tamthilia ya Kituruki *Gümüş* iliporushwa na MBC, televisheni ya Kiarabu, mwaka 2008 kwa jina la *Noor*, iliingizwa sauti za Kiarabu cha Syria, cha mazungumzo ya nyumbani. Tamthilia za Amerika ya Kusini zilizotangulia zilikuwa zimeingizwa Kiarabu fasihi, na wapenzi wakawa wanagombana kama wanasoma taarifa ya habari. Kiarabu cha Syria kiliwafanya Waturuki wale wawe majirani, na *Noor* ikapendwa kupita kiasi.

Kinachoumiza ni pale lafudhi ilipokuwa sehemu ya hadithi. Katika *Squid Game*, Ali ni mhamiaji kutoka Pakistan, amechezwa na Anupam Tripathi, Mhindi aliyesomea uigizaji Korea. Kikorea chake ni cha mgeni mwenye adabu, kila mtu kwake ni *sajangnim*, yaani bosi. Sang-woo, mchezaji mwenzake, anamwambia aache hivyo, amwite *hyung*. Tafsiri ya Kiingereza huhangaika sana hapo. Kwa Kiswahili mlango uko wazi: kutoka "bosi" kwenda "kaka". Na ukishasikia "kaka" hiyo, kinachofuata kati yao kinauma mara mbili.

## Visa vya pembeni

19. Je, lafudhi ya ajabu inaweza kuwa ndiyo sahihi?

*Inventing Anna* ya mwaka 2022. Watu walimcheka Julia Garner kwamba lafudhi yake haina nchi. Anna Sorokin, tapeli wa kweli aliyemcheza, alizaliwa Urusi, akahamia Ujerumani akiwa na miaka 16, kisha New York akajifanya mrithi wa mali ya Kijerumani. Sauti yake halisi imechanganya yote hayo. Garner alikwenda kumwona gerezani akamsikiliza. Aliyetaka lafudhi safi ya nchi moja alikuwa anaomba uongo.

20. Itakuwaje mhusika mwenyewe akiwa anaigiza lafudhi?

Hili nalipenda kuliko yote. Katika *The Americans*, Matthew Rhys, mtu wa Wales, ni jasusi wa Kisovyeti anayejifanya Mmarekani. Lafudhi yake ikiteleza kidogo haidhuru hadithi, kwa kuwa mtu huyo anaishi kwa hofu ya kuteleza.

Katika msimu wa pili wa *The Wire*, McNulty, polisi wa Baltimore, anatumwa danguroni kujifanya mteja Mwingereza. Anatoa Kiingereza cha Uingereza kibovu kupindukia. Anayemcheza ni Dominic West, Mwingereza wa Sheffield: mtu anayeweza kuongea hivyo kikamilifu anaharibu makusudi, kwa namna ambayo Mmarekani angeharibu. Tafuta onyesho hilo, ulisikilize mara mbili.

21. *'Allo 'Allo!* nayo?

Ni vichekesho vya Uingereza vya Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani, lakini kanuni zake ni kali kuliko za tamthilia nyingi. Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa ni Kifaransa, chenye lafudhi ya Kijerumani ni Kijerumani. Crabtree, Mwingereza aliyejificha kama polisi wa Kifaransa, hawezi Kifaransa, kwa hiyo anatamka *good moaning* akikusudia kusalimia asubuhi. Tangu mwaka 1982 hadi 1992 hawakuivunja kanuni hiyo, na hakuna aliyechanganyikiwa.

22. Kompyuta haiwezi kurekebisha lafudhi siku hizi?

Inaweza kiasi. Mapema mwaka 2025 mhariri wa filamu *The Brutalist* alieleza kwamba programu ya akili bandia ilitumika kunyoosha baadhi ya sauti za Kihungaria za Adrien Brody na Felicity Jones. Mjadala ukawaka. Msimamo wangu: kurekebisha irabu moja studio kumefanyika miaka yote kwa mkono. Lakini mwalimu wa lafudhi hubadilisha pia pumzi, taya na muda wa kunyamaza, na hivyo huonekana usoni. Programu hugusa sauti tu. Uso unabaki wa lugha ya zamani.

23. Nitapimaje lafudhi ya lugha nisiyoijua?

Sikiliza majina. Mama, mpenzi na adui wakiliita jina la mtu mmoja kwa namna tatu bila sababu, hapakuwa na mwalimu. Sikiliza ndugu wawili wanapogombana, kama bado wanasikika wa nyumba moja. Kisha tafuta mwenyeji wa lugha hiyo, mwonyeshe dakika mbili bila kumwambia unachotafuta, na umtazame uso.